Mtoto Asiyecheza Si Sifa: Nyaraka Zimebadilika, Je, Nyumba Zetu?



Katika ziara zetu za kichungaji kwenye Jumuiya Ndogondogo za Kikristo hapa Ruanda, wilayani Mbozi, tuliingia katika nyumba moja ambako mama alitutambulisha mwanawe wa miaka mitano kwa maneno haya: “Baba, huyu hachezi kabisa. Yeye ni daftari tu.” Aliyasema kwa fahari, nasi tulielewa kwamba alikuwa anatupatia habari njema ya familia yake. Mtoto alisimama, akataja herufi zote bila kukosea, akahesabu hadi mia moja. Tulimpongeza. Kisha tukamuuliza swali tulilodhani ni jepesi kuliko yote: rafiki yako anaitwa nani? Mtoto alimtazama mama yake, akanyamaza.

Hatumtaji mama huyo ili kumlaumu. Anampenda mwanawe, na katika daftari lile ameweka matumaini ambayo yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuyafikia. Tunaanza naye kwa sababu maneno yake husikika katika nyumba nyingi za Mkoa wetu wa Songwe, kuanzia kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi hadi kwenye vyumba vya kupanga vya Tunduma. Kwa wazazi wengi, mtoto mwema ni yule asiyecheza, na saa ya mchezo ni saa iliyopotea. Katika tafakari hii tunapenda kuonesha kwamba fikra hiyo, pamoja na nia yake njema, inamnyima mtoto sehemu kubwa ya elimu ile ile ambayo mzazi anaihangaikia.

Mwezi Juni unatupatia nafasi nzuri ya kulitazama jambo hili. Tarehe 16 Juni Bara letu huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipopinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Siku tano kabla ya hapo, yaani tarehe 11 Juni, kuna adhimisho jipya: tangu mwaka 2024 Umoja wa Mataifa umeifanya siku hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo. Katika mwezi huo huo shule zetu hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na kahawa huwa imeiva mitini. Hivyo mtoto wa Ruanda huitwa na pande tatu kwa wakati mmoja: shamba linamwita, twisheni inamwita, na watoto wenzake wanamwita. Mara nyingi ni sauti ya watoto wenzake inayozimwa kwanza.

Yaliyobadilika nchini

Kwa haki kabisa, ni lazima tukiri kwamba Taifa letu limepiga hatua katika suala hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inapoorodhesha yale ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto wake, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Na katika orodha hiyo hiyo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Wazazi wengi wanajua kwamba wanaweza kuulizwa na Serikali kwa nini mtoto hayuko shuleni. Ni wachache wanaojua kwamba sheria iyo hiyo inamtazama pia mtoto ambaye hapewi nafasi ya kucheza.

Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane, na kuweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, pamoja na ujifunzaji wa awali. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza shule bora na watahiniwa bora wa kitaifa. Machi 2023 ulitolewa waraka wa kuzuia watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne kulazwa katika shule za bweni. Januari 2024 ulianza kutumika mtaala mpya, ambao kwa elimu ya awali unaelekeza mtoto ajifunze kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ikazinduliwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, yenye miaka kumi ya elimu ya lazima.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, utaona mwelekeo mmoja. Taifa linatambua kwamba mtoto mdogo alikuwa amegeuzwa mshindani kabla hajawa mtoto. Alitengwa na wazazi wake mapema ili apate alama, akapangwa kwa namba miongoni mwa wenzake, na akafundishwa kukariri kabla ya kuelewa. Wasiwasi huu si mgeni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alikwisha kuonya juu ya elimu inayopima kila kitu kwa mtihani na kumtenga kijana na maisha ya watu wake.

Hata hivyo, waraka huishia mlangoni pa nyumba. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza aliyekuwa wa kwanza, lakini mtoto akifika nyumbani na ripoti yake, swali la baba ni lile lile: “Umekuwa wa ngapi?” Bweni limezuiwa kwa wadogo, lakini yapo madarasa ya ziada yanayoanza kabla ya mapambazuko na kumalizika giza likiingia. Mtaala unamwelekeza mwalimu wa awali atumie michezo, lakini mwalimu huyo akiwatoa watoto nje kuimba na kuruka, wapo wazazi wanaolalamika kwamba watoto wao “wanachezeshwa tu”, na wanataka kuona madaftari yaliyojaa maandishi. Tumezungumza na walimu waliorudi ubaoni kwa kuogopa malalamiko hayo, ingawa walijua kwamba wanawafundisha watoto vibaya. Kwa maneno mengine, mageuzi ya elimu yanaweza kushindwa mikononi mwa watu wanaoipenda elimu kwa dhati, yaani wazazi.

Shamba na twisheni

Tukichunguza kwa makini, tunaona mitazamo miwili ya wazazi ambayo kwa nje inapingana, lakini kwa ndani imeshikana.

Mtazamo wa kwanza ni wa mzazi anayemwona mtoto kama mikono ya kazi. Wakati wa kuchuma kahawa kila mkono unahitajika, na tunda lililoiva halisubiri. Hatuwezi kumhubiria mkulima kana kwamba hatujui bei ya mbolea au siku anazosubiri malipo ya chama cha ushirika. Tena kazi ya nyumbani yenyewe si adui wa mtoto. Mtoto anayechambua maharage pembeni ya bibi yake, au anayebeba kikapu kidogo kwa kadiri ya nguvu zake huku akisimuliwa habari za ukoo, yuko shuleni kwa namna yake. Tatizo linaanza pale kazi inapomeza siku nzima, tena siku zote za likizo. Hapo tukumbuke kwamba sheria imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma.

Mtazamo wa pili ni wa mzazi anayemwona mtoto kama cheti cha baadaye. Huyu hamtumi shambani, anamtuma twisheni. Kwa kuwa elimu ya msingi sasa inakuwa ya miaka sita badala ya saba, wapo wanaohitimisha kwamba mtoto anapaswa kukimbia haraka zaidi. Jumamosi anasoma, likizo anasoma, na Jumapili baada ya Misa anasubiriwa na mwalimu mwingine. Mzazi huyu hujinyima ili alipe ada hizo, na sadaka yake ni ya kweli.

Wazazi hawa wawili wanakubaliana katika jambo moja: mchezo hauzalishi kitu. Hata lugha yetu inatusukuma huko. Tunasema “usilete mchezo”, “hili si jambo la mchezo”, “acha mambo ya kitoto”. Lakini lugha iyo hiyo inatukumbusha jambo jingine, maana tunasema pia kucheza ngoma. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanapocheza mbele ya Altare wakati wa wimbo wa Utukufu, au wanapoyatangulia maandamano ya vipaji, mama yule yule anayesema mwanawe hachezi hupiga vigelegele. Anajua moyoni kwamba kile anachokiona hakikupoteza muda wa mtu yeyote.

Pia ni lazima tuseme wazi kwamba upungufu huu haugawanywi sawa. Mvulana akimaliza kazi zake chache huenda uwanjani na mpira wake wa makaratasi, na hakuna anayemuuliza. Dada yake wa umri ule ule ana maji ya kuteka, vyombo vya kuosha na mdogo wake mgongoni. Tumewaona wasichana wakiruka kamba wakiwa wamebeba watoto, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee waliyoipata. Mzazi anayejiuliza kwa nini binti yake anasinzia darasani na aanzie hapo kutafuta jibu.

Mchezo unafundisha nini?

Tuchukue mfano wa mdako, mchezo ambao wengi wetu tuliucheza. Mtoto anachimba kishimo, anaweka vijiwe, anarusha kimoja juu, na kabla hakijarudi mkononi anavitoa vingine shimoni na kurudisha visivyohitajika, akiacha kimoja, halafu viwili, halafu vitatu. Katika muda wa pumzi moja amehesabu, amejumlisha, ametoa, amepima mwendo wa jiwe kwa jicho na kuuongoza mkono wake. Mtoto aliyefanya hivyo mara elfu moja anapofika darasani na kukuta alama za kujumlisha na kutoa, anakuta majina ya vitu anavyovijua tayari. Yule ambaye hakuwahi kuvishika vijiwe hivyo anakutana na alama tupu, na njia pekee iliyobaki kwake ni kukariri.

Katika kombolela mtoto anajifunza kufumba macho kwa uaminifu na kusubiri zamu yake. Katika rede, msichana aliye katikati anaukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa, na hivyo anaweka akili yake kwenye mambo mawili kwa wakati mmoja. Anayetengeneza gari la waya au la mabua ya mahindi anagundua mwenyewe kwamba magurudumu yasipolingana gari litakwenda upande. Watoto wanaojipikilisha, mmoja akiwa baba, mwingine mama, mwingine mgonjwa, wanajifunza kusema kwa kinywa cha mtu mwingine, na huo ndio mwanzo wa kumhurumia mtu mwingine. Jioni, mtu mzima anaposema “Kitendawili!” na watoto kuitikia “Tega!”, wanajifunza kwamba neno linaweza kuwa na maana iliyofichwa, jambo ambalo baadaye litawasaidia kusoma kitabu na kuzielewa hata fumbo za Injili.

Lipo fundisho jingine lililo kubwa zaidi. Mtoto akijikwaa kwenye kamba, wenzake hawamwambii kwamba hana akili ya kamba. Anatoka, anashika ncha, anawazungushia wengine, kisha zamu yake inarudi. Mchezo ni mahali ambapo mtoto anajifunza kwamba kushindwa si mwisho. Darasani na nyumbani mara nyingi anajifunza kinyume chake, kwa maneno yetu sisi watu wazima: “Huyu ni mzito.” “Huyu kichwa chake hakishiki.” “Amemrithi mjomba wake.” Tukishatamka hivyo, mtoto anaamini, na akishaamini anaacha kujaribu.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto wa shule. Watoto waliosifiwa kwamba wana akili walielekea kuchagua maswali mepesi, na waliposhindwa walikata tamaa mapema. Waliosifiwa kwa juhudi zao waliyaendea maswali magumu. Wataalamu wanaendelea kujadiliana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na hatupendi kuifanya kuwa dawa ya kila ugonjwa. Lakini kwetu sisi Wakatoliki wazo lenyewe halina ugeni. Kanisa linaloadhimisha Sakramenti ya Upatanisho haliwezi kumwita mtoto yeyote mzito na kumfungia mlango. Kama Mungu anatupatia nafasi ya kuanza tena hata uzeeni, mtoto wa darasa la pili anastahili nafasi hiyo katika hesabu.

Mama Kanisa anasemaje?

Huenda baadhi ya waamini wakashangaa kusikia kwamba Mama Kanisa ana neno juu ya michezo ya watoto. Nabii Zekaria, alipoupewa maono ya Yerusalemu iliyorudishiwa amani baada ya uhamisho, aliona wazee wameketi na fimbo zao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza (Zek 8:4-5). Kwa nabii huyo, watoto wanaocheza ni ushahidi kwamba Bwana amerudi kukaa kati ya watu wake. Kitabu cha Methali kinaieleza Hekima ikishangilia mbele za Mungu wakati wa uumbaji, kama mtoto aliye karibu na mzazi wake anayefanya kazi (Met 8:30-31). Naye Bwana wetu Yesu Kristo alizijua nyimbo na michezo ya watoto wa sokoni, akaitumia kama mfano katika mafundisho yake (Mt 11:16-17). Mtu hawezi kutoa mfano huo bila kuwatazama watoto wakicheza, na pengine yeye mwenyewe alicheza nao huko Nazareti, alipokuwa akikua katika hekima na kimo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu ambaye kila mseminari hukutana naye, aliweka swali kama michezo inaweza kuwa na fadhila ndani yake. Jibu lake lilikuwa ndiyo. Alikumbusha masimulizi ya kale kumhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye baadhi ya watu walikwazika walipomkuta akijipumzisha na wanafunzi wake kwa mchezo. Yohane alimwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale mfululizo, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Mtu yule alijibu kwamba upinde ungevunjika. Vivyo hivyo, akasema Yohane, akili ya mtu isiyolegezwa huvunjika. Thomas alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba hata kukosa kabisa furaha na kuwa mzigo kwa furaha ya wengine ni kasoro. Sisi tuna methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, na tunaipenda sana katika malezi. Ni methali ya kweli. Lakini tukumbuke kwamba anayemkunja samaki hakusudii kumvunja.

Mtakatifu Yohane Bosko, aliyezaliwa mwaka 1815 katika familia ya wakulima maskini, alijifunza akiwa mtoto mazingaombwe na kutembea juu ya kamba ili awavute wenzake, kisha akasali nao na kuwarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani. Alipokuwa padre mjini Torino, uwanja wa michezo ulikuwa sehemu ya malezi yake, sawa na kanisa na karakana. Wasalesiani wake, waliofika Tanzania mwaka 1980, wanaendeleza urithi huo. Naye Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa maskini mjini Roma. Aliona kwamba mtoto mdogo akipewa vitu vya kushika vinavyolingana na mikono yake, na uhuru wa kuchagua, hujifunza kwa utulivu ambao fimbo haiwezi kuuleta. Nchini kwetu wapo masista wanaoongoza vyuo vya ualimu vinavyofuata njia hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume “Furaha ya Upendo” wa mwaka 2016, aliwatahadharisha wazazi wasichukulie ulinzi wa kupindukia na hamu ya kutawala kila hatua ya mtoto kuwa ndiyo malezi, maana lengo ni kumkuza mtoto katika uhuru. Na Mei 2024, alipoitisha Siku ya kwanza ya Watoto Duniani, aliwakusanya kwanza katika uwanja wa mpira wa Roma, na siku iliyofuata katika Misa Takatifu.

Wasiwasi ulio halali

Tunasikia pia upande wa pili. Mzazi wa Tunduma anatuuliza: “Baba, mwanangu acheze wapi?” Mji uko mpakani, malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde na ng’ambo ya Zambia, nyumba zimebanana, na eneo lililoachwa wazi jana leo lina msingi wa jengo. Mzazi huyo anamfungia mtoto ndani kwa upendo. Lakini mtoto aliyefungiwa ndani hupewa simu ili atulie, na simu haimfundishi kusubiri zamu. Akikua kidogo na kupata upenyo wa kutoka, atautafuta mchezo anakoweza kuupata: kwenye vibanda umiza, au mbele ya mashine za kamari za sarafu ambako tumewakuta watoto wenye sare za shule. Hamu ya kucheza haifi kwa kuzuiwa. Ikikosa uwanja inanunuliwa na mfanyabiashara.

Ndiyo maana suala la viwanja haliwezi kuachiwa familia peke yake. Mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya shule na serikali ya mtaa ndivyo vyombo vinavyoamua kama eneo la wazi litabaki wazi. Waamini walei wana wajibu wa kuhudhuria vikao hivyo na kusema, badala ya kuja kulalamika parokiani baada ya uwanja kuuzwa.

Nasi tujihoji

Tunapoyasema haya, sisi mapadre hatujitoi. Zipo shule za awali zilizo chini ya parokia zinazowapa watoto wa miaka minne mitihani ya kuandika na kuwapanga kwa namba, kwa sababu wazazi wanapenda na sisi tunahitaji wanafunzi. Yapo mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ambayo hayavuki kukariri maswali na majibu. Zipo parokia ambazo geti hufungwa mara baada ya Misa, na watoto hufukuzwa wasiharibu maua. Na tukiri jambo moja zaidi: tunapoingia katika nyumba za waamini na kumkuta mtoto, swali letu la kwanza mara nyingi ni lile lile tulilolikosoa hapo juu, “Unasoma darasa la ngapi? Umekuwa wa ngapi?” Mama yule aliyetuambia kwamba mwanawe hachezi alikuwa anatujibu swali ambalo sisi wenyewe tumemfundisha kulitarajia.

Basi, tuanze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mzazi abadilishe swali la jioni: pamoja na kuuliza alama, aulize, “Leo umecheza nini, na umecheza na nani?” Kila nyumba itenge saa moja kabla ya giza ambayo si ya kazi wala ya daftari, na saa hiyo iwe ya binti kama ilivyo ya kaka yake. Msimu wa kahawa, mtoto asaidie kwa kadiri ya umri wake, kisha aachiliwe akiwa bado na nguvu za kukimbia. Babu na bibi wawafundishe wajukuu mdako, bao na vitendawili. Baba asione aibu kukaa chini na mwanawe kutengeneza gari la mabua, kwani Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa (Kol 3:21). Walezi wa Utoto Mtakatifu, ambao shirika lao tangu mwaka 1843 linafundisha kwamba watoto wanaweza kuwasaidia watoto wenzao, waiweke michezo katika ratiba ya Jumamosi. Nasi mapadre tuache geti wazi. Maua yatapandwa tena.

Tulirudi katika nyumba ile baada ya muda. Hatukumuuliza mtoto herufi wala hesabu. Tulimwomba mama ruhusa atoke nje na watoto wa Jumuiya waliokuwa wanatusubiri, naye akaruhusu kwa kusita, akisimama mlangoni muda wote. Mtoto hakujua sheria za mchezo na mara mbili alikosea. Msichana mmoja alimshika mkono, akamwelekeza mahali pa kusimama. Tulipoondoka alikuwa bado yupo uwanjani, na mama yake alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akiangalia.

Mtakatifu Yosefu na Bikira Maria, waliomlea Mtoto Yesu huko Nazareti, wawaombee wazazi wote wa jimbo letu hekima ya kujua lini mtoto afundishwe, lini atumwe, na lini aachwe acheze. Mungu awabariki.